Maporomoko ya Victoria: ulale Livingstone au ng'ambo ya Zimbabwe?

Mwamba ngoma huvutia kwake. Muulize aliyelala Livingstone, atakwambia Zambia ndiko kwenyewe, watu wakarimu na bei za kibinadamu. Muulize aliyelala ng'ambo ya pili, atakuapia kwamba kama hukuingia Zimbabwe basi umeona nusu ya maji na kulipia nauli nzima. Nimesikia ubishi huu hadi ndani ya basi la kutoka Lusaka, kati ya watu wawili ambao wote walikuwa wanarudi kulekule kwa mara ya pili.

Mto ni mmoja, Zambezi, nao ndio mpaka. Kaskazini ni Zambia, na mji wa karibu ni Livingstone. Kusini ni Zimbabwe, na mji umepewa jina la maporomoko yenyewe, Victoria Falls. Kati ya nchi hizo mbili kuna daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1905, ambalo mtu mzima mwenye viatu vizuri analivuka kwa miguu. Kabla ya hoteli, kabla ya tiketi, kuna swali linalopaswa kutangulia, na wengi hulisahau: unakwenda mwezi gani? Kwa sababu kuna miezi ambayo Livingstone inatosha na kubaki, na kuna miezi ambayo aliyebaki upande wa Zambia peke yake ataenda kupiga picha ya mwamba.

Mwezi ndio unaoamua

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kalenda yetu ya mvua kichwani, masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na kalenda hiyo itakudanganya huku. Mvua za Zambia huanza Novemba na kwisha Machi. Lakini maji ya maporomoko hayafuati mvua unayoiona mjini. Zambezi inaanzia kaskazini-magharibi mwa Zambia, inapita Angola, kisha inarudi Zambia na kusambaa kwenye mbuga tambarare za Barotse, ambako maji hutulia kama sifongo iliyoloa kabla ya kuendelea na safari. Kwa hiyo mafuriko hufika kwenye maporomoko wiki nyingi baada ya mvua kunyesha huko juu. Ndiyo maana kilele ni Aprili, wakati anga limeshaanza kuwa jeupe, na maji hupungua kuliko wakati wote mnamo Novemba, wakati mawingu ya mvua mpya yameshatanda. Aprili maji yanaweza kuwa mara kumi ya yale ya Novemba.

Sasa ongeza jambo la pili. Ukingo yanapoangukia maji una upana wa mita 1,708, na haulingani. Upande wa magharibi, uliopo Zimbabwe, mwamba umeliwa zaidi na uko chini. Hapo ndipo penye poromoko liitwalo Devil's Cataract. Upande wa mashariki, uliopo Zambia, ukingo umeinuka. Mto ukijaa, maji humwagika kote. Mto ukipungua, maji yanafanya kama yafanyavyo maji popote: yanakimbilia palipo chini. Mtambo wa umeme wa upande wa Zambia nao huchota sehemu yake juu kidogo ya maporomoko. Matokeo yake, ifikapo Oktoba na Novemba, Eastern Cataract ya Zambia hubaki ukuta mweusi wenye michirizi ya hapa na pale, huku Zimbabwe maji yakiendelea kuunguruma.

Mwishoni mwa mwaka 2019 picha za ukuta huo mkavu zilizunguka dunia nzima, na watu wakaandika kwamba maporomoko yamekufa. Ukame ulikuwepo kweli, tena mkali. Lakini picha nyingi zilikuwa za upande wa mashariki, ambao hukauka kila mwaka kwa kiasi fulani. Wenye biashara za utalii walihangaika miezi kadhaa kuwaeleza wateja kwamba ng'ambo maji yapo.

Kwa hiyo, kwa ufupi wa mpangaji safari:

Machi hadi Mei, maji ni mengi kiasi kwamba tatizo ni kuyaona. Moshi wa maji hupanda juu angani, ukaonekana kutoka kilomita nyingi, kisha hukurudia kama mvua ya kutoka chini. Zimbabwe, kwenye vituo vya katikati, unaweza kusimama mbele ya maporomoko makubwa ya Afrika ukaona ukungu mweupe na kusikia kishindo tu. Zambia hali ni hiyohiyo, ila umbali ni mdogo zaidi, na kuloa ni kwa kiwango cha kuogelea na nguo. Mtu mwenye kutaka kuhisi nguvu za maji, huu ndio wakati wake. Mwenye kutaka picha safi asije.

Juni hadi Agosti ndiyo miezi yangu. Maji bado ni mengi pande zote mbili, ukungu umepungua, jua ni la upole na mbu ni wachache. Ila usiku kuna baridi ya kweli, baridi ya Makambako au Limuru, na mtu aliyekuja na fulana za Tanga atanunua sweta siku ya kwanza.

Septemba bado Zambia ina kitu cha kuonyesha. Oktoba na Novemba joto hupanda kupita nyuzi 35 na upande wa Zambia hukauka. Katika miezi hii miwili kwenda Livingstone bila kuvuka daraja ni hasara. Lakini, na hapa ndipo mambo yanapogeuka, ni katika miezi hiyohiyo mikavu ambapo Zambia ina jambo ambalo Zimbabwe haina kabisa. Nitalifikia.

Desemba hadi Februari maji yanapanda taratibu, mvua za mchana zipo, nyasi ni kijani. Zimbabwe ni nzuri, Zambia inategemea mwaka.

Kutazama na kugusa

Maporomoko haya hayako kama mengi tuliyoyazoea, ambapo unasimama chini na kutazama juu. Mto unadumbukia ndani ya ufa mrefu na mwembamba, hadi mita 108 kwenda chini, na mtazamaji husimama ukingo wa pili wa ufa huo, uso kwa uso na maji, usawa mmoja nayo. Sehemu kubwa ya ukingo huo wa pili iko Zimbabwe. Ndiyo siri yote ya ubishi wa basini. Zimbabwe umekaa ukumbini, viti vya mbele. Zambia uko jikoni.

Ndani ya hifadhi ya Zimbabwe kuna njia iliyosakafiwa, karibu tambarare, inayopita kwenye msitu mdogo ulioota kwa sababu ya manyunyu hayo yasiyokoma. Kuna vituo 16 vyenye namba. Unaanza kwenye sanamu ya David Livingstone na Devil's Cataract, unafuata Main Falls, kisha Horseshoe Falls na Rainbow Falls, na unaishia Danger Point, mahali palipostahili jina lake: mawe yanateleza na uzio haupo kila sehemu. Mzee wa miaka sabini anaitembea njia hii, na mama mwenye kigari cha mtoto pia, ilimradi Danger Point awaachie wengine. Saa mbili hadi tatu zinatosha, na ukienda Zimbabwe mara moja tu maishani, robo tatu ya maporomoko utakuwa umeyaona.

Zambia njia ni fupi na zina miinuko. Kuna Knife-Edge Bridge, daraja jembamba la waenda kwa miguu linalokupeleka kwenye kisiwa cha mwamba mbele ya Eastern Cataract. Mwezi wa Aprili ukilivuka unatoka upande wa pili kama aliyetolewa kisimani. Kuna njia inayoshuka kwa ngazi za mawe hadi Boiling Pot, pale maji yote ya mto yanapobanwa na kuzunguka kama sufuria ya ugali kabla ya kuingia korongoni chini ya daraja kubwa. Kushuka ni raha. Kupanda, katika joto la Oktoba, ni jambo la kulifikiria kabla hujashuka. Na nyani wapo, pande zote mbili, lakini wa Zambia nimewaona wana ujuzi zaidi: hawanyang'anyi kamera, wanajua mfuko wenye mkate ni upi.

Kuna pia sehemu ya Zambia ambapo unatembea juu ya maporomoko, pembeni ya mto kabla haujaanguka, na kuona maji yametulia kabisa hatua chache kutoka ukingoni, kama hayajui yanakoelekea. Zimbabwe nako unaweza kuuona mto juu ya Devil's Cataract, lakini ukaribu wa Zambia ni mwingine.

Na hilo jambo la miezi mikavu: Devil's Pool. Maji yakipungua, kwa kawaida kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Januari, watalii hupelekwa kwa boti hadi Livingstone Island, kisha huogelea na waongozaji hadi kwenye bwawa la asili lililo ukingoni kabisa mwa maporomoko. Kuna ukuta wa mwamba chini ya maji unaokuzuia, na mwongozaji anayekushika miguu huku ukichungulia chini. Unaingilia Zambia peke yake. Waliolala Zimbabwe huvuka mpaka asubuhi kwa ajili ya hilo tu. Nafasi hujaa mapema, bei si ya mchezo, na mwenye kuogopa maji asijilazimishe kwa ajili ya picha. Mimi nilitazama wenzangu kutoka kisiwani nikiwa na kikombe cha chai, na sikujuta.

Neno moja kuhusu jina, kwa sababu sikio la Mswahili litalidaka kabla hujaelezwa. Kabla Livingstone hajafika Novemba 1855 na kuyapa maporomoko jina la malkia wake, Wakololo waliompeleka walikuwa wakiyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Mosi ni moshi. Binamu wa lugha zetu. Waleya na Watonga, wenyeji wa kandokando, wana jina lao pia, Shungu Namutitima. Zambia hifadhi yao inaitwa Mosi-oa-Tunya hadi leo. UNESCO ilipoyaorodhesha mwaka 1989 kuwa urithi wa dunia, iliyaandika kwa majina yote mawili, Mosi-oa-Tunya na Victoria.

Pasi yako

Hapa Watanzania na Wakenya tuna bahati ambayo Mzungu anailipia. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya haombi viza Zambia wala Zimbabwe kwa matembezi. Unapiga muhuri wa kutoka, unavuka daraja, unapiga muhuri wa kuingia. Kwa hiyo swali la "upande gani" kwetu ni swali la kitanda tu. Macho yanaweza kwenda kote.

Tofauti kati ya ndugu hawa wawili inakuja getini. Hifadhi zote mbili zina viwango tofauti vya kiingilio: raia, mkazi wa nchi za SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), na mgeni wa mbali. Tanzania ni mwanachama wa SADC, na Kongo ya Kinshasa pia. Kenya na Uganda si wanachama. Kwa hiyo Mtanzania atoe pasi na kusema wazi kwamba anatoka nchi ya SADC kabla hajalipa, maana keshia akikuona na begi la mgongoni anaweza kukuandikia kiwango cha mgeni wa mbali bila nia mbaya. Mkenya ajiandae kulipa kiwango cha juu, na Zimbabwe kiwango hicho ni kikubwa kuliko Zambia. Familia ya watu watano itaihisi tofauti hiyo kwenye mfuko.

Kwa jamaa walioko Ulaya au Marekani wanaosafiri na pasi za huko, hesabu ni nyingine. Zambia iliondoa viza kwa raia wa nchi nyingi za Magharibi na za Ghuba mwishoni mwa 2022, lakini Zimbabwe bado inawatoza wengi wao. Ipo viza ya pamoja iitwayo KAZA, dola 50 kwa siku 30, inayokuruhusu kuingia na kutoka Zambia na Zimbabwe mara upendavyo, na kwenda Botswana kwa siku moja kupitia mpaka wa Kazungula. Ukiwa na pasi ya aina hiyo na unataka kuvuka zaidi ya mara moja, KAZA mara nyingi ndiyo nafuu.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ibebe hata kama hukuulizwa safari iliyopita. Anayetoka Kenya au Uganda hasa asiiache nyumbani. Na malaria ipo, hivyo dawa za kinga na chandarua si mambo ya watalii tu.

Njia ya kufika inakuchagulia upande

Ukitoka Tanzania kwa barabara, umeshachagua Zambia bila kujua. Basi la Dar es Salaam linapita Mbeya, linavuka Tunduma na Nakonde, halafu linakata Zambia hadi Lusaka. Hesabu siku nzima na usiku na tena siku, pamoja na foleni ya malori ya mpakani ambayo haina adabu kwa ratiba ya mtu. Kutoka Lusaka hadi Livingstone ni kilomita zinazokaribia 480, barabara ya kusini kupitia Mazabuka penye mashamba ya miwa, Monze, Choma na Kalomo. Mabasi ya asubuhi mapema ni bora: unafika Livingstone kukiwa na mwanga na unachagua malazi kwa macho yako.

Wapenzi wa reli wanajua kuna TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Ni safari ya kuwasimulia wajukuu: Hifadhi ya Nyerere dirishani, mahandaki ya Mlimba hadi Makambako, mikungu ya ndizi kila kituo. Lakini treni ya abiria imekuwa na misimu ya kusimama na kuchelewa, hivyo pigia simu stesheni kabla hujajenga ratiba juu yake, na usiweke ndege ya kurudi karibu na siku inayotarajiwa kufika. Kapiri si mwisho wa safari pia. Kuna kama kilomita 200 za basi hadi Lusaka.

Ukitoka Nairobi kwa ndege, mizani inaegemea Zimbabwe. Kwa miaka ya karibuni Kenya Airways imekuwa na ndege ya Nairobi kwenda Cape Town inayotua Victoria Falls njiani, na unajikuta mjini mchana ule ule. Livingstone ina uwanja wake wa kimataifa, wenye jina la Harry Mwaanga Nkumbula, lakini kutoka kwetu mara nyingi utabadilisha ndege Lusaka au Johannesburg.

Kwenda Zimbabwe kwa barabara kupitia Harare ni mzunguko usio na faida kama lengo ni maporomoko tu. Harare na Victoria Falls ziko pembe mbili za nchi, zaidi ya kilomita 850 zikitenganisha. Harare ina yake, lakini si njia ya mkato.

Miji miwili, mifuko miwili

Livingstone ni mji. Nasema hivyo kwa maana ya kwamba ungekuwepo hata maporomoko yasingekuwepo. Ulikuwa makao makuu ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya enzi za ukoloni, kuanzia 1911 hadi 1935, na barabara yake kuu ina majengo ya zamani yenye baraza, maduka ya nguo, benki, mafundi simu, wanafunzi. Kuna soko la Maramba, ambako hakuna anayekutazama kama pochi inayotembea. Kuna Livingstone Museum, makumbusho makubwa na ya zamani kuliko yote nchini; kwa anayejua kwamba Chuma na Susi, watumishi wake, walibeba mwili wa David Livingstone hadi Bagamoyo, kuona vitu vyake upande huu wa hadithi kunagusa. Ubaya wake ni umbali: mji uko kama kilomita kumi kutoka maporomoko. Utahitaji teksi au daladala zao, na hutembei kwa miguu jioni, kwa sababu tembo huvuka barabara ile wakitaka na hawaweki taa.

Victoria Falls ni mji uliojengwa kwa ajili ya mgeni, kuanzia Victoria Falls Hotel ya mwaka 1904. Kila kitu kiko karibu. Kutoka hoteli nyingi hadi geti la hifadhi unatembea kama dakika ishirini, ngurumo ya maji ikikusindikiza usiku kucha. Ngiri hula nyasi kando ya barabara kama mbuzi wa Pangani. Ubaya wake ni kwamba kila hatua kuna anayeuza: sanamu za mawe, vikuku, na noti za zamani za Zimbabwe zenye sifuri nyingi, mpaka ile ya dola trilioni mia moja ya 2009, ambayo sasa inanunuliwa kwa dola halisi kama ukumbusho. Anayetaka kuona watu wanavyoishi aende Chinotimba, mtaa wa wenyeji, akale chakula cha mchana huko.

Kuhusu pesa, tofauti ni kubwa na ndiyo inayonifanya nilale Zambia. Livingstone unatumia kwacha kwa mambo ya kila siku, na bei ya sahani ya chakula ni ile anayolipa mwalimu wa pale. Victoria Falls kila kitu kinahesabiwa kwa dola ya Marekani, ingawa kuna sarafu yao ya ZiG tangu Aprili 2024. Dola inaongeza bei kwa namna yake: kitu cha senti sabini kinakuwa dola moja kwa sababu chenji hakuna. Beba noti ndogo nyingi, za moja na za tano, safi, zisizochanika. Mtu mwenye noti ya mia moja peke yake ni kama hana pesa.

Chakula hakitakusumbua pande zote mbili. Zambia wanaita nshima, Zimbabwe sadza, na wewe unajua ni nini. Kwenye sahani utakutana na kapenta, vidagaa vilivyokaangwa na nyanya. Mtu wa Kigoma akivitazama atavitambua, na hatakosea: kapenta wa ziwa Kariba walitolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa huko miaka ya 1960. Zambia ongeza ifisashi, mboga za majani na karanga. Zimbabwe wana dovi, mchuzi wa karanga, na kama una moyo, viwavi vya mopane. Mimi nilikula vitatu.

Lugha: Kiingereza kipo kote. Livingstone salamu ya Kinyanja, "muli bwanji", na "zikomo" ya kushukuru, hufungua milango. Ng'ambo Wandebele husema "salibonani" na "siyabonga". Usitegemee Kiswahili, ila madereva wa malori wa njia ya Tunduma utawakuta Lusaka, nao watakuelekeza kama ndugu.

Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Na wakikwambia basi linaondoka "six", ni saa kumi na mbili asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili, si saa sita. Usicheke, nimeona dada wa watu akilikosa basi kwa hilo.

Mambo mengine machache

Boti za jioni mtoni zipo pande zote, hazitofautiani sana. Viboko ni walewale. Helikopta pia pande zote. Ndege ndogo isiyo na paa, ile ya watu wawili, iko Zambia. Kuruka na kamba kutoka darajani, mita 111, ni darajani, kwa hiyo upande wowote ulikolala utafika. Kuteremka Batoka Gorge, korongo la chini ya maporomoko, kwa mtumbwi wa mpira ni bora maji yakipungua, kuanzia Agosti hadi Desemba, na kampuni za pande zote hufanya. Safari ya siku moja kwenda Chobe, Botswana, kuona tembo, ni rahisi kutoka mji wowote. Tangu daraja la Kazungula lifunguliwe Mei 2021, kutoka Zambia hakuna tena kusubiri pantoni.

Kitu ambacho wengi hawakijui: upinde wa mvua wa usiku. Mwezi ukiwa wa kumi na nne na maji yakiwa mengi, mbalamwezi hupiga manyunyu na kutoa upinde mweupe-mweupe juu ya korongo. Hifadhi zote mbili hufunguliwa usiku kwa siku chache za mwezi mpevu, kwa malipo ya ziada. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana hesabu mkononi tayari, siku ya 13 hadi ya 15. Achague ya kati ya Aprili na Julai. Kwa hilo Zambia ni karibu zaidi, Zimbabwe ni pana zaidi, na wewe chagua.

Ukinibana niseme

Kijana wa basi, bajeti ndogo, Juni hadi Agosti: lala Livingstone usiku mitatu, vuka siku moja. Wanandoa wa ndege kutoka Nairobi wenye siku mbili tu: Victoria Falls, wala msivuke, labda hadi katikati ya daraja. Wazee na watoto wadogo: Zimbabwe, kwa ajili ya njia tambarare na umbali mfupi. Oktoba na Novemba: Zimbabwe kwa kutazama, Zambia kwa Devil's Pool, na kama huendi Devil's Pool basi Zambia iruke bila huruma. Aprili: popote, utaloa tu.

Na siku ya kuvuka uipange hivi. Geti la Zambia hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, uwe pale. Maliza Knife-Edge kabla ya mabasi ya watalii. Toka hifadhini, uhamiaji wa Zambia uko hatua chache tu kutoka getini. Piga muhuri, tembea darajani, simama katikati, chini yako kuna mita 128 hadi kwenye maji yakiwa yamepungua. Wauza vikuku wa darajani watakufuata. Ukisema hapana mara moja kwa upole inatosha kuliko kunyamaza. Uhamiaji wa Zimbabwe uko baada ya mwendo mfupi, na geti la hifadhi ni dakika chache mbele yake. Zunguka vituo vyote 16 kwa kufuata namba, kula Chinotimba, na anza kurudi saa tisa alasiri, maana foleni ya mpakani jioni huwa ndefu na teksi za upande wa Zambia hupandisha bei jua likizama. Simu iwe kwenye mfuko wa plastiki. Pasi iwe kwenye mwingine.